Vifurushi Vinne Juu ya Mlango

4 Machi

Baba Kifaranga,

Mwanao sasa hivi tu ametumbukiza mguu mzima kwenye beseni la unga. Nilikuwa nimeuchekecha, nikageuka kuchukua kamba, narudi namkuta amesimama humo, mguu mmoja ndani mmoja nje, mweupe mpaka gotini, ananiangalia kama mwenye nyumba aliyeingiliwa na mgeni. Nikamwambia, "We Kifaranga, huo ndio mwezi wetu unaoukanyaga!" Akacheka, akapiga chafya, unga ukaruka. Nimemkung'uta mguu juu ya beseni, sijapoteza hata chembe. Tutaula hivyo hivyo, usimwambie mtu.

Nakuandikia kwa sababu nina habari, na kwa sababu huko kambini simu haishiki, dereva wa lori la saruji ndiye mdomo wetu.

Najua nimekuangusha miezi miwili mfululizo. Pesa ya chakula inafika katikati ya mwezi inanyoosha miguu, nami nachota kwenye ile tunayoweka ya kukodi chumba huko kwako. Dada yako alinisimamia mlangoni, sindano mdomoni, ushonaji wake kauacha kwenye cherehani, akasema, "Mkono wako chujio, wifi. Kaka anajenga ukuta kule, wewe unabomoa huku." Nililia, lakini alikuwa na haki.

Sasa sikia nilivyofanya. Siku ya kununua chakula cha mwezi nagawa kila kitu mafungu manne: unga, maharage, sukari, mafuta kwenye chupa ndogo. Nafunga kwenye mabaki ya vitambaa vya wifi, natundika kwenye misumari minne juu ya mlango. Wiki moja, msumari mmoja. Kifurushi kikiisha kabla ya wiki kuisha, tunakaa hivyo hivyo, cha jirani yake hakiguswi. Nimeapa.

Kinachonisumbua ni maziwa ya Kifaranga. Hayafungiki kwenye kitambaa. Tangu nimwachishe ziwa anakunywa kikombe asubuhi na kikombe jioni, na muuza maziwa anataka chake kila siku. Niambie nifanyeje.

Nataka kuwa nawe kwenye hicho chumba. Nimechoka kulala na mto wako.

Mimi wako,
Mama Kifaranga


14 Machi

Mama Kifaranga, Waziri wangu wa Fedha,

Nimecheka mpaka mpishi wetu wa kambi akaniuliza kama nimerithi. Msumari kwa wiki! Mimi fundi mwashi nimepigilia misumari mingapi maishani, sijawahi kufikiri kuupa kazi hiyo.

Chumba kile nimekwenda tena kukitazama. Kina dirisha linaloangalia mlima, na mlango wake haugusi sakafu, nitaurekebisha. Mwenye nyumba kasema atatushikia mpaka mwisho wa Mei, baada ya hapo anampa mwendesha mashine, ambaye ana mke na kelele. Mshahara wangu hautaongezeka kati ya leo na Mei. Kilichobaki ni mkono wako tu.

Maziwa achana nayo. Kifaranga ana mwaka na nusu sasa, si mtoto wa kubembelezwa na kikombe. Mimi mama alinilea kwa uji mtupu, na leo nabeba mifuko miwili ya saruji ngazini bila kupumzika. Mpe uji, mzito, ashibe.

Nimemwambia kila mtu hapa kwamba mke wangu ameutia mwezi kamba shingoni.

Mwashi wako


2 Aprili

Baba Kifaranga,

Imewezekana! Mwezi umeisha na kifurushi cha nne kimebaki nusu. Nilikitungua mbele ya wifi makusudi, nikakipima mkononi kama muuza nyama, nikamwambia, "Wifi, chujio limezibwa." Akacheka mpaka akajichoma sindano. "Haya," akasema, "mwanamke kaijua nyumba. Ila angalia usije ukaziba na pasipofaa."

Maziwa nimeyaacha kama ulivyosema. Siku za kwanza Kifaranga alikuwa akisikia kengele ya baiskeli ya muuza maziwa anakimbilia mlangoni na kikombe chake. Namvuta nyuma ya mlango, nampakata, namwimbia mpaka kengele ipite. Ilinichoma, sikufichi. Lakini mtoto ni mtu wa kuzoea. Siku hizi kengele ikilia hata hageuki.

Na maharage nayo nimeyatoa kwenye vifurushi. Nimegundua yanakula mkaa kuliko sisi tunavyoyala. Chungu kimoja cha maharage, mkaa wa siku mbili unakwenda. Sasa ni uji, na mimi najichumia majani ya mboga nyuma ya ukuta. Yeye majani anayatema.

Amekuwa mpole, ungemwona! Zamani nilikuwa siwezi kugeuza mgongo, atavuta, atamwaga, ataingia uvunguni. Sasa namkalisha mkekani asubuhi, nafua, naanika, nikirudi namkuta pale pale nilipomwacha. Halii, hadai. Kama vile naye ameelewa kwamba tuna jambo tunalolitafuta.

Pesa nimeiweka pale tunapojua. Nikiishika naisikia nzito.

Mama Kifaranga


15 Aprili

Waziri,

Barua fupi, lori linaondoka. Niliisoma yako kwa sauti wakati wa chakula. Seremala mmoja kasema atamleta mkewe kwako aje asome shule ya misumari, umtoze ada. Nilijiona mrefu.

Endelea hivyo hivyo. Usilegeze. Mwambie Kifaranga baba yake anampenda kwa upole wake.

Mwashi


4 Mei

Baba Kifaranga,

Leo nakupa habari ambayo utaisoma ukiwa umesimama: mwanao amenenepa!

Nilikuwa na wasiwasi mwezi uliopita, sikukuambia, niliona mikono yake imekuwa myembamba. Kumbe uji ulikuwa unatafuta njia. Mashavu yamejaa mpaka macho yamekuwa madogo. Miguu ndiyo usiseme, viatu vile ulivyomnunulia havipiti kisigino. Nywele nazo zimekuwa laini, zimeingia wekundu, zinalala zenyewe kama za mtoto wa kwenye kalenda. Pale bombani wameacha kumwita Kifaranga, wanamwita Bonge. Mama mmoja anayefulia watu aliniuliza, "Unampa nini huyu?" Nikamjibu, "Uji na hesabu, basi." Wakacheka wote.

Dada yako tu ndiye mwenye lake. Unamjua, hata jua likichomoza atalitafutia pindo. Alimtazama akasema, "Mnene halafu hachezi? Wifi, kimya kingi kina mshindo mkuu." Nikamwambia huo mshindo ni akili, huyu atakuwa hakimu. Jana akaja na yai la kuchemsha kwenye kisahani, "Mpe mtoto." Nilimshukuru nikamrudishia. Akakasirika. Lakini we fikiria mwenyewe, tukianza kula vya watu, nitajuaje kama bajeti imetosha kweli? Nikipokea yai leo, mwezi unakuwa umetosha kwa yai la wifi, haujatosha kwa mkono wangu. Akaondoka na kisahani chake anasema, "Yai nalo lina hesabu!" Atanirudia, simjui kukasirika zaidi ya siku mbili.

Vifurushi viwili mwezi uliopita sikuvigusa kabisa. Viwili! Chumba chetu hicho, kimebaki kidogo.

Mama Bonge (nimepanda cheo)


10 Mei

Mama Kifaranga,

Acha unachofanya. Kama umesimama usikae. Soma hii mpaka mwisho, kisha mchukue mtoto uende hospitali leo, usingoje kesho.

Barua yako niliisoma mbele ya watu kama kawaida yangu, wakapiga makofi. Mpishi alikuwa anagawa chakula. Akaniambia, "Mwashi, rudia hapo pa miguu." Nikarudia, nikidhani kafurahi. Akasema, "Na pa nywele." Nikarudia. Akaweka upawa chini. Akaniuliza mtoto anakula nini, nikamwambia kwa majigambo. Akaniuliza, "Anacheka?"

Nimezitafuta barua zako zote, mke wangu. Mara ya mwisho umeniandikia amecheka ni siku ile ya beseni la unga.

Mpishi anasema huo si unene, hayo ni maji. Anasema mtoto akishiba unga mtupu muda mrefu, bila maziwa, bila maharage, bila yai, mwili unaingia maji. Bonyeza mguu wake kwa kidole gumba, juu ya wayo, ukae hapo kidogo, kisha ondoa kidole. Shimo likibaki, kimbia. Nilimuuliza amejuaje. Akasema, "Nilimzika wangu mnene, watu wakinisifia." Akarudi jikoni.

Toa pesa ya chumba. Yote. Usiangalie hiyo misumari. Lori la saruji limekatika ekseli, barua hii nampa dereva wa kokoto, anazunguka njia ndefu, nimemwomba kwa jina la mama yake.

Kimbia.

Baba yake


12 Mei

Baba Kifaranga,

Sijapata neno lako, nasikia lori limeharibika, lakini sikuweza kukaa kimya: pesa ya chumba imetimia! Nimeihesabu mara mbili, nikaibusu. Mwenye nyumba asimpe mtu.

Na wala sikujibana sana safari hii. Mtoto mwenyewe amekuwa hamalizi uji. Vijiko viwili vitatu anageuza uso, basi unga unabaki. Nadhani ni kwa sababu amejaa, mtu aliyenenepa hahitaji vingi.

Kuna jambo dogo tu. Ngozi ya mapajani imemchubuka na kubanduka, kama mtu aliyeungua jua, na jua hajaliona kwa sababu hapendi kutoka. Namsugua mafuta kidogo kutoka kile kichupa cha wiki. Pengine anabadilisha ngozi, watoto hubadilika. Jana nilimchezea mchezo wake wa kujificha nyuma ya pazia. Nilitokea, nikajificha, nikatokea. Alinitazama tu. Niliendelea peke yangu mpaka nikaona haya.

Ukimwona atachangamka. Anakukosa wewe, hilo ndilo nionalo mimi.

Nimeanza kukunja nguo.

Mama Kifaranga


17 Mei

Kaka,

Mkeo hawezi kuandika, mtoto amemlalia kifuani, kwa hiyo utanivumilia mimi na mwandiko wangu wa kuku. Mimi dada yako nimezoea sindano, si kalamu.

Barua yako imefika jana mchana. Aliisoma amesimama mlangoni. Sikujua kuna nini, nikaona tu anapiga magoti kando ya mtoto, anaubonyeza mguu. Akaondoa kidole. Shimo likabaki pale, kaka, kama umebonyeza unga uliokandwa. Akajaribu na mguu wa pili. Halafu akainama akaanza kulipuliza lile shimo, analipuliza kama unavyopuliza mtoto alipojigonga, kana kwamba litajaa. Nikambeba mtoto mimi, yeye nikamshika mkono, tukatoka na nguo tulizovaa.

Hospitali nesi alimtazama mara moja tu, akaita mwenzake. Akasema, "Huyu ana utapiamlo." Mkeo akamjibu, kwa sauti ndogo ile, "Hapana dada, huyu amenenepa." Nesi akasema, "Mama, wanene wa namna hii ndio tunaowaogopa."

Wamemlaza. Mwili wake baridi, wamemfunika mablanketi, wamesema apakatwe kifuani, ngozi kwa ngozi. Maziwa anapewa kwa kijiko, kidogo kidogo, wanasema mengi kwa pamoja yatamuua.

Unanijua, nilikuwa na maneno ya kusema. Nimeyameza yote. Nami nina langu: siku ile ya yai nisingeomba ruhusa, ningemlisha mtoto kwa mkono wangu, yangeisha kwa ugomvi tu. Ugomvi tungeumaliza.

Njoo, kaka.

Dada yako


20 Mei

Mke wangu,

Barua mbili zimefika kwa mkono mmoja, ya kwako ya pesa kutimia na ya dada. Nilianza na ya kwako.

Maziwa nilisema mimi. Ukiulizwa na daktari, na mtu yeyote, sema mume wangu ndiye aliyesema. Usiubebe peke yako.

Msimamizi anasema zege ya msingi ikianza kumwagwa haisimami, na nikiondoka nisirudi. Nimemwambia basi sirudi. Nangoja gari lolote linalotoka huku, hata la takataka. Dereva wa kokoto anatangulia na barua hii kwa sababu kwake kumejaa, nilimwomba nikae juu ya mzigo akakataa, polisi wanawashusha. Likipatikana jingine nitafika kabla karatasi haijakauka.

Mpakate. Mwambie niko njiani.

Baba yake


23 Mei

Baba Kifaranga,

Nimepata karatasi yako. Nakuandikia hii ingawa pengine tutapishana njiani, nitaiacha kwa muuza magazeti wa getini ampe dereva. Nisipoandika kichwa kinazunguka. Nipo kwenye benchi la koridoni, wamenitoa kidogo kwa sababu wanatafuta mshipa mwingine wa kumtia sindano, ule wa mkono umegoma. Dada yako ameenda nyumbani kupika, atarudi.

Kwanza, nisamehe, pesa ya chumba nimeigusa. Nimenunua blanketi moja na dawa waliyosema haipo dirishani. Nimebakiza karibu nusu. Naendelea kubakiza, wala sijui nabakiza ya nini, mkono tu umeshazoea.

Habari nzuri zipo, usidhani hakuna. Amepungua uzito! Juzi walimpima, nesi akashangilia, nami nikalia, nikidhani mtoto wangu anakwisha. Akanifokea, "Kinachotoka ni maji, mama, siyo mtoto!" Basi ule uvimbe unashuka, macho yamefunguka, na chini ya Bonge nimemwona Kifaranga wangu, mwembamba, wa kushikika kwa viganja viwili. Sikujua alikuwa mdogo hivyo ndani yake. Na leo asubuhi alilia. Kulia kwenyewe, baba, kwa sauti na machozi, alipochomwa. Wodi nzima iligeuka. Nilikuwa nimesahau sauti yake.

Usiku alikuwa wa moto, asubuhi akawa wa baridi tena. Daktari alisikiliza kifua, akaandika mambo.

Wodini tuko wanawake wengi, wengine wawili wawili kitandani. Nilidhani nitakuwa peke yangu mwenye aibu, kumbe kila mmoja ana hesabu yake. Mmoja alikuwa anaongeza maji kwenye maziwa, kila wiki kidogo zaidi, ili yafike mwisho wa mwezi. Nami nikamsimulia misumari yangu. Ndio wanaonifundisha mambo ya humu. Kuna nesi mmoja mnene, mdomo wake kama king'ora, "Mama Kifaranga, kikombe! Mama Kifaranga, unalala na maziwa yanapoa!" Mimi nilimchukia siku ya kwanza. Wenzangu wakaniambia, "Huyo akikufokea shukuru Mungu. Akifoka kuna kazi ya kufanya." Na kweli, juzi yule dada wa kitanda cha ukutani aliitwa taratibu, "Njoo kidogo, mwanangu," akaenda, aliporudi alirudi kukunja blanketi. Sote tulitazama sakafu. Tangu siku hiyo kila nikifokewa moyo unatulia, nataka anifokee mpaka jioni.

Nimepanga tukitoka hapa nitafanya hivi. Maziwa yatakuwa ya kwanza kununuliwa, kabla ya unga, kabla ya chumvi. Yai dada yako atampa hata kila siku, na nitalipokea kwa mikono miwili. Chumba kama mwendesha mashine amekichukua achukue, tutalala watatu kule kule nyumbani, kitanda kimoja, wewe ukutani, mimi ukingoni, yeye katikati anatupiga mateke. Anajua kupiga mateke, ulisahau? Nami nataka nikuulize, kwa sababu wewe unajua majengo, kama pale nyuma ya ukuta tunaweza kuweka banda dogo la kuku, wawili watatu tu, ili mayai yawe

Ngoja. Nesi yule yuko mlangoni. Hajafoka. Anasema, "Mwanangu, njoo kidogo." Pengine amechoka tu, zamu zao ndefu, sauti huisha. Naacha kalamu hapa, nikirudi nitakumalizia hii ya kuku, maana nimeshafikiria hata mahali pa